Springi za Lori Chini ya Pikapu Yangu

Siku pikapu yangu ilipotoka gereji, kaka yangu alipanda juu ya ndoano ya kuvutia trela akaruka mara tatu, mwili wake wote ule, na gari halikutikisika. Fundi alipiga makofi. Wanaume wawili waliokuwa wanasubiri magari yao walicheka kwa furaha, na mmoja akasema sasa hilo ndilo gari. Mimi mwenye gari nilikuwa nimesimama pembeni na funguo mkononi, na nilicheka pia. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nilicheka pamoja nao.

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti. Stoo yangu iko Kimisagara, bondeni, nyuma ya mtu anayechomelea milango, na ndani yake kuna mahema, viti vya plastiki, mazulia na sufuria ambazo mtu mzima anaweza kukaa ndani akaoga. Watu wa Kigali hawaoi wala hawazikani bila hema. Ukiona sherehe ya kuposa mahali fulani juu ya kilima, pazia za dhahabu na viti vilivyovalishwa shuka nyeupe, ujue kuna mtu aliamka alfajiri kuvipandisha vyote huko, na mara nyingi mtu huyo ni mimi. Pikapu niliinunua mwenyewe. Jina lililo kwenye kadi ya njano ya umiliki wa gari ni langu, si la marehemu mume wangu, si la kaka yangu.

Gari hilohilo ndilo lililokuwa likimpeleka mama hospitali. Figo zake zilikuwa zimechoka kabisa, na kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilazwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne. Mtu wa ugonjwa huo hakosi siku. Akikosa moja anavimba, akikosa mbili pumzi inakata, na ya tatu hakuna anayependa kuizungumzia. Daktari alikuwa ametueleza pia kwamba ugonjwa huo hula mifupa polepole, kwa hiyo tumlinde asianguke. Teksi ndogo alikuwa hawezi, kwa sababu nyonga yake ilikataa kukunjika na kiti cha teksi kiko chini sana. Kiti cha pikapu kilikuwa kwenye kimo chake hasa. Anasimama, anageuka, anakaa, namwinulia miguu, tunaondoka. Kwa mwaka mzima tulikwenda hivyo na hatukukosa hata siku moja.

Kisha nikapata kazi ya ukumbi mmoja uliotaka mahema makubwa, yale ya nguzo za chuma, na nguzo hizo haziingii kwenye pikapu. Nikatengenezewa trela. Safari ya kwanza, nikitoka Nyabugogo kupanda kilima, trela likiwa limejaa na viti vimepangwa nyuma mpaka juu, gari lilikaa kitako. Taa zikaangaza mawinguni, waendeshaji wa pikipiki wanaokuja mbele yangu wakanitukana kwa Kinyarwanda safi, na usukani ukawa mwepesi mikononi kama vile magurudumu ya mbele yameacha lami. Nilifika juu nguo zimenilowa kwa jasho. Nilijua springi za nyuma lazima ziongezwe nguvu.

Sasa nieleze nilichotaka, maana nilikijua vizuri, na asije mtu akasema mwanamke alikwenda gereji hajui anataka nini. Springi za nyuma za pikapu ni vipande virefu vya chuma vilivyopinda, vimepangwa kimoja juu ya kingine, na mafundi wanaviita majani. Unaweza kuongeza nguvu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza majani mazito ndani ya mpango wenyewe, na hapo gari linakuwa gumu wakati wote, likiwa na mzigo au likiwa tupu. Ya pili ni kuweka jani la msaada juu kabisa, ambalo halibebi kitu gari likiwa tupu. Linakaa tu. Ukiweka mzigo, fremu inashuka, jani linakutana na vishikio vyake, na hapo ndipo linaanza kazi. Mimi nilitaka hiyo ya pili. Nilitaka gari lenye nguvu Jumamosi likiwa na mahema, na lenye huruma Jumatatu likiwa na mama.

Nilikwenda Gikondo na kaka yangu kwa sababu fundi alikuwa rafiki yake. Kaka yangu aliendesha malori miaka mingi, Dar, Mombasa, Kampala, na mpaka leo anaamini hakuna tatizo duniani ambalo chuma cha lori hakiwezi kulimaliza. Nilimwonyesha fundi picha kwenye simu yangu, nikamweleza habari ya jani la msaada, nikamweleza habari ya mama. Fundi aliisikiliza habari yote kwa adabu, akaitazama picha kwa adabu, kisha akageuka akamuuliza kaka yangu tufanyeje. Nilimjibu mimi. Akaitikia, "Yego, mama," halafu akamtazama kaka yangu tena akisubiri jibu.

Tulikubaliana niliache gari Jumatatu mchana, mama akishatoka kwenye mashine, na nilichukue Jumanne jioni. Ile Jumanne ukaingia msiba, watu wakataka hema, nikakodi lori la mtu nikaenda kusimamisha nguzo. Kaka akasema atabaki gereji kusimamia. Nilimshukuru. Neno kusimamia lina maana nyingi, na kwa kaka yangu maana yake ni kukaa kwenye kiti kizuri kuliko vyote gerejini na kubadilisha maagizo ya mtu mwingine.

Nilipofika jioni, nyuma ya gari ilikuwa imenyanyuka. Nikauliza mbona liko juu hivi. Kaka akasema ni jipya, litashuka likizoea. Ndipo akapanda kwenye ndoano akaruka zile mara tatu. Nikaona kila mtu anafurahi, na mimi nilikuwa nimechoka, nina matope ya msibani mpaka magotini, nikafurahi na wenzangu. Sikuinama kutazama chini. Dakika moja tu ya kuinama ingetosha.

Na gari lilibeba. Siwezi kudanganya. Jumamosi ile nilipakia nguzo zote, viti vyote, nikafunga trela, na pikapu ikapanda kilima mbele ikiwa imelala sawa na nyuma, taa zinamulika barabara, usukani mzito mkononi kama inavyotakiwa. Niliimba njia nzima. Nilimpigia kaka simu nikamwambia ahsante, umenifanyia kazi ya maana. Likiwa tupu nilisikia linarusha kidogo, lakini mimi nina mifupa mizima na makalio ya kutosha, na gari la kazi haliwi kitanda. Nilipunguza mwendo kwenye yale matuta ya barabarani tunayoyaita dodani, nikaona nimetimiza wajibu wangu.

Kila safari nilimuuliza mama kama anaumia. Mama yangu alizaliwa katika nyumba ya washona nguo waliotoka pwani zamani wakaoa Wanyarwanda, kwa hiyo alirithi uvumilivu wa pande zote mbili, na kwangu mimi hiyo ni mara mbili zaidi ya inayofaa. Wa upande mmoja walimfundisha kwamba mtu mzima halii mbele ya wengine. Wa upande wa pili walimfundisha kwamba ukiulizwa hali, unamshukuru Mungu kwanza. Basi ukimuuliza, "Mama, mgongo vipi?" anajibu, "Alhamdulillahi." Ukimuuliza, "Unaumia au huumii?" anajibu, "Alhamdulillahi, mwanangu, tazama mbele." Hilo si jibu. Huwezi kumpinga mtu anayemshukuru Mungu, na huwezi kujua kitu chochote kutoka kwake. Watoto sita amewazaa hivyohivyo, na majirani walijua kuna mtoto waliposikia mtoto mwenyewe analia.

Katika wiki tatu zilizofuata akaanza tabia mpya. Tukishuka Kimisagara kutoka nyumbani kwenye barabara ile ya mawe, tukifika tu Nyabugogo anataka tusimame. Mara anataka tangawizi. Mara anataka kumsalimia mwanamke mmoja anayeuza vitenge, ambaye kwa miaka yote hiyo sikuwahi kusikia kwamba ni rafiki yake. Mara anataka tu nimnunulie maji, na chupa ya maji ameishika mkononi. Na ukimsimamishia, hashuki wala haharakishi. Anakaa, anafumba macho, anasema ngoja kidogo. Mimi nina foleni nyuma, wapagazi wanagonga bodi kwa viganja nisogee, askari wa barabarani ananitazama. Siku moja nilimfokea. Nilimwambia mashine haitusubiri, na kama anataka kuzurura sokoni angoje akipona. Alisema, "Haya, twende." Tukaenda. Maneno yale nimeyasema kwa mdomo huu huu ninaolia chakula.

Ijumaa ya wiki ya tatu, nilipokwenda kumchukua, muuguzi alinivuta pembeni. Ni dada mmoja aliyelelewa Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka na maneno yake hayana mto wala blanketi. Aliniambia mama hawezi tena kulala chali kwenye kitanda cha mashine, na walipompiga picha ya mgongo walikuta pingili moja imepasuka na ya chini yake imebonyea. Akaniuliza ameanguka lini. Nikasema hajaanguka. Akaniuliza anakuja na gari gani. Nikasema na pikapu yangu.

"Mama yako akishuka kwenye gari lako huwa ameuma mtandio," alisema. "Tunautoa mdomoni sisi, kabla hujamaliza kuegesha. Ametuomba tusikwambie, na mimi nimechoka kuombwa."

Nilitoka nje nikaenda mpaka lilipo gari. Nililala chini kwenye lami ya maegesho ya hospitali, na gauni langu, mbele ya walinzi, nikatazama. Nilihesabu majani. Jani la msaada halikuwepo. Yalikuwepo majani mawili manene meusi ya lori, yamefungwa ndani kabisa kati ya yale mengine mahali pa mawili ya zamani, na boliti mpya zimebana mpango wote ukawa kama kipande kimoja cha reli. Springi hiyo haikuweza kupinda kwa gari tupu. Haikupinda hata mara moja. Kila jiwe la Kimisagara na kila dodani ya mji huu ilikuwa imepita moja kwa moja kutoka kwenye tairi mpaka kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti mpaka kwenye uti wa mgongo wa mama yangu, mara sita kwa wiki, kwenda na kurudi, na aliyeshika usukani ni mimi.

Nilimwacha mama hospitali wamwangalie, nikaenda Gikondo nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata siku ya kumzika mume wangu. Fundi alikuwa chini ya gari la mtu. Nilimvuta mguu. Alipotoka nilimuuliza kwa sauti ambayo gereji nzima ilisikia, kwa nini aliweka majani ya lori wakati nilimwonyesha picha. Hakukana. Ndicho kilichonishangaza, hakuona sababu ya kukana.

"Madamu, mimi nilijua unataka ile ingine," alisema. "Lakini mukubwa wako alisema weka ya lori. Sasa mimi ningefanya je? Iko mukubwa wako."

Nikamwambia gari ni langu. Akakubali, gari ni langu. Nikamwambia aliyesema habari ya mgonjwa ni mimi. Akakubali. Kila kitu alikubali, na kila alipokubali nilizidi kutaka kumpiga na spana. Kichwani mwake mambo yalikuwa wazi: mwenye gari anasema anachotaka, mkubwa wake anasema kitakachofanyika, na fundi mwenye heshima anafuata mkubwa. Alikuwa amenikosea kwa heshima kabisa. Nikamwambia basi anirudishie majani yangu ya zamani, ayafunge sasa hivi. Hapo ndipo alipoangalia chini. Katika magereji yetu, chuma kinachotolewa kwenye gari hubaki kwa fundi mpaka mwenyewe akiulizie, na asipoulizia siku ileile, hakuna mtu wa kumlaumu. Majani yangu laini yalikuwa chini ya pikapu ya mtu anayebeba ndizi, huko Musanze au mbele zaidi, hajui.

Nilimpigia kaka yangu nikamwambia aje. Alifika akiwa bado ana kijiti cha meno mdomoni. Nilimweleza habari ya pingili. Nilitegemea atashtuka, na alishtuka, lakini si kama mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza. Alishtuka kama mtu ambaye jambo limemfikia. Nikakumbuka kwamba Ijumaa moja kabla ya hapo nilikuwa nina sherehe, yeye ndiye aliyempeleka mama kwa gari langu, na siku iliyofuata alimletea kigodoro cha kukalia, kipya, chenye kitambaa cha maua. Nilimsifu sana kwa kile kigodoro. Niliwapigia simu dada zetu kuwasimulia jinsi kaka anavyomjali mama.

"Ulijua," nilimwambia.

"Mama alinikataza nisikwambie."

"Nakuuliza wewe. Ulijua?"

"Alilia," alisema. "Pale kwenye mawe. Akasema nikikwambia utayatoa hayo majani mapya, na kazi yako ya mahema itakufa. Akaniapisha."

Kiapo kilimfaa sana, ndicho nilichomwambia. Angenieleza kwamba mama analia, ingembidi aeleze na majani ya lori yametoka wapi. Kigodoro kilikuwa rahisi zaidi. Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayaandika, na siyajutii. Kaka yangu ana miaka mitano zaidi yangu, na tangu baba afe nilikuwa simwiti kwa kitu kingine ila kaka. Siku ile nilimwita kwa jina lake mbele ya mafundi, na alisikia.

Jioni ileile hospitali walimruhusu mama, nikamrudisha nyumbani polepole kwa gari hilohilo, kwa kuwa sikuwa na jingine. Jumamosi na Jumapili nilikuwa na sherehe mbili ambazo zilikwishapangwa. Springi za lori zilibeba vizuri ajabu. Niliendesha nimekunja uso, na kila gari lilivyopanda bila shida ndivyo nilivyozidi kulichukia. Nilizunguka nikitafuta majani ya kufaa kwa wauza vyuma chakavu wote ninaowajua, na wote waliniambia njoo katikati ya wiki. Hospitali nilipouliza gari la wagonjwa, waliniambia hilo ni la dharura, na mtu anayekuja mara tatu kwa wiki si dharura.

Jumatatu asubuhi mama alikataa kwenda. Hakufanya fujo. Nilimkuta amekaa kitandani, amejifunga mtandio vizuri, akaniambia leo anapumzika. Nikasema nitaendesha kwa mwendo wa jeneza. Akasema amechoka, Mungu ni mkubwa, atakwenda Jumatano. Nilimbembeleza, dada zangu wakambembeleza kwa simu, akawajibu wote kwa kumshukuru Mungu. Mashine ilikaa bila yeye. Jioni vidole vyake vilikuwa vimejaa, pete haitoki. Jumanne asubuhi macho yalikuwa madogo usoni, na alipokwenda chooni na kurudi, hatua kumi tu, alikaa muda mrefu akitafuta pumzi. Nilimuuliza kama Jumatano atakwenda, akasema tutaona. Nilijua maana ya tutaona. Mama yangu alikuwa ameketi chumbani kwake anajifia kwa adabu ili mimi nisikose kazi.

Nilitoka nje nikasimama karibu na pikapu, na hapo nikaona kitu ambacho fundi wala dereva wa malori hakukiona. Gari lile lilikuwa linaumiza kwa sababu lilikuwa tupu. Jumamosi, likiwa limejaa mahema, halikunirusha hata mara moja, lilikwenda kama gari la balozi. Majani ya lori yanataka mzigo wa lori. Basi ningeupakia mzigo.

Mtu wa jirani alikuwa anajenga, ana lundo la mchanga barabarani. Nilimwomba, akanipa, nikachukua magunia ya stoo nikaanza kujaza. Sikumwita mtu. Kaka yangu alitokea, sijui nani alimwambia, akachukua koleo la pili. Tulijaza magunia kumi na mawili mchana kutwa na hatukusemeshana. Yeye alinyanyua, mimi nilipanga, mazito yakiwa juu ya ekseli, mengine kuelekea mbele, nikayafunga kwa kamba za mahema yasicheze. Nilipunguza upepo wa matairi, ambao fundi alikuwa ameujaza kwa ajili ya trela. Kisha nikaendesha peke yangu mpaka chini na kurudi, kwenye mawe. Gari lilishuka na kupanda. Springi zilipinda. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira zaidi, kwa sababu jambo lilikuwa rahisi hivyo, na wiki tatu zilikuwa zimepita.

Niliingia chumbani kwa mama na mchanga mikononi. Sikuwahi kumpandishia mama sauti kwa makusudi maishani mwangu, ukiacha siku ile ya Nyabugogo. Nilimpandishia. Nilimwambia kwamba alinidanganya wiki tatu. Nilimwambia kwamba amenifanya nimvunje mgongo kwa mikono yangu mwenyewe, mara sita kwa wiki, na huku nikimpigia kelele achangamke, na kwamba hilo nitakwenda nalo kaburini. Nilimwambia uvumilivu wake ni mzuri kwa watu wa nje, aende akawape majirani, mimi sina haja nao. Kesho anakwenda hospitali, na njiani, kila mahali panapomuuma, anasema. Asinishukurie Mungu. Mungu anajua hali yake, mimi ndiye sijui.

Alinitazama na yale macho yake yaliyovimba.

"Mimi sijui kusema hivyo," alisema. Hakuwa anabisha. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayesema hajui kuogelea.

Nikamwambia atajifunza barabarani.

Jumatano tuliondoka mapema. Kaka alimwinulia miguu, akafunga mlango taratibu, mimi sikumtazama. Tulishuka kwenye mawe na magunia kumi na mawili ya mchanga nyuma, na gari likawa linakwenda kwa kuyumba kidogo, laini. Nilikuwa natazama barabara kwa jicho moja na mama kwa jingine. Mkono wake wa kulia ulishika mpini wa mlango. Tukapita korongo la kwanza, hakusema kitu. Tukapita dodani ya kwanza, midomo yake ilikaza, na mtandio ulianza kupanda kuelekea mdomoni. Niliunyang'anya. Nikauweka nyuma ya kiti changu. Nikamwambia, "Mama, sema."

Tulipita ya pili. Nikasikia sauti ndogo sana, sauti ya mtoto aliyekosea.

"Hapo," alisema. "Hapo inauma."

Nilikanyaga breki. Nikaweka gia ya kwanza, nikaacha gari litambae. Nikamuuliza na hapa. Akasema hapa pia. Akavuta pumzi, na safari hii sauti ilitoka kamili, ikajaa kibanda chote cha gari. "Inauma, wewe mtoto! Inauma sana! Unaniendesha kama ndizi!"

Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa na hasira na dunia nzima, lakini mikono yangu ilikuwa imetulia kwenye usukani. Nyuma yetu mtu alianza kupiga honi, kisha wa pili, kisha pikipiki zote za Nyabugogo. Nilishusha kioo, nikatoa mkono nje nikawaonyesha wapite au wangoje. Mama aliendelea kuniambia kila tuta na kila shimo mpaka mlangoni mwa hospitali, na mimi nilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea.